Boriti ya kunyanyulia kwenye loda ya trekta: jinsi ya kuiunda na kuitumia

Nguzo mbichi ya mkaratusi yenye kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa mita 8 ina uzito unaokaribia kilo 250. Kwa wakulima wa miti wa Mufindi na Njombe hiyo ni nguzo ya kawaida kabisa. Kuipandisha kwenye lori kwa mabega kunataka watu sita, na mmoja akiteleza wote sita wamo hatarini. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeshusha pipa la dizeli, anayetoa injini ya pampu ya maji kwa matengenezo au anayesimamisha kenchi za banda la ng'ombe.

Mwenye trekta lenye loda ya mbele anaweza kuwaondolea vijana wake mateso hayo. Lakini wengi hufunga mnyororo kwenye meno ya baketi na kuinua. Mnyororo huteleza, meno hupinda, na dereva haoni mzigo kwa sababu baketi imemziba. Njia iliyo salama ni kuvua baketi na kuweka mahali pake boriti ya chuma iliyoundwa kwa kazi hiyo, yenye ndoano mbele na kiwango cha uzito kilichoandikwa ubavuni.

Jambo moja liongoze kazi yote: uzito utakaonyanyua unaamuliwa na urefu wa boriti. Ukubwa wa injini hauna neno hapa. Trekta la nguvu za farasi 75 linalovuta jembe la sahani siku nzima linaweza kuinua kisigino kwa mzigo wa kilo mia chache uliotundikwa mbali mbele yake. Kwa hiyo tutaanza na hesabu, kisha ndipo tuwashe mashine ya kuchomelea.

Tafuta namba tatu

Kila loda hutoka kiwandani na kitabu chake, na nyingi zina kibati kilichopigiliwa kwenye mojawapo ya nguzo zake. Tafuta humo namba tatu. Ya kwanza ni uzito ambao mikono inaweza kuinua hadi juu kabisa, ukipimwa kwenye pini ya baketi. Ya pili ni uwezo wa silinda za kuinamishia, yaani zile zinazokunja na kumwaga baketi. Ya tatu imo kwenye kitabu cha trekta: uzito wa mwisho unaoruhusiwa kwenye ekseli ya mbele.

Kama vitabu vimepotea, nenda kwa wakala wa aina hiyo ya trekta na namba ya modeli mkononi. Tena lipeleke trekta lako kwenye mizani ya magari, lipimwe ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Vipimo hivyo viwili utavitumia kwa miaka yote utakayokuwa na trekta hilo. Ukikosa namba hizi, usiunde boriti. Kukisia hapa ni kucheza na roho ya dereva.

Hesabu ya mikono na silinda

Tuchukue loda ya mfano. Mikono yake, tangu pini ya juu ya nguzo hadi pini ya baketi, ina urefu wa mita 2, na kitabu kinasema inainua kilo 1,000 kwenye pini ya baketi. Zidisha 1,000 kwa 2, unapata 2,000. Hiyo ndiyo akiba yako yote.

Sasa funga boriti inayotokeza mita 2 mbele ya pini. Mzigo umefika mita 4 kutoka kwenye nguzo. Gawanya 2,000 kwa 4: kilo 500. Nusu ya uwezo imekwenda kabla hujafunga kitu. Boriti nayo ina uzito wake. Tuseme pamoja na fremu yake ni kilo 80, na tuhesabu kwamba uzito huo umekaa mita 1 mbele ya pini, yaani mita 3 kutoka kwenye nguzo. Inakula 240 katika ile akiba. Zinabaki 1,760, ukigawanya kwa 4 ni kilo 440.

Usisimame hapo. Mikono inainua, lakini kinachozuia boriti isiiname kuelekea chini ni silinda za kuinamishia, na hizo ni ndogo. Tuseme zina uwezo wa kushikilia kilo 1,000 zikiwa nusu mita mbele ya pini. Akiba yake ni 500. Toa 80 za boriti, kwa kuwa uzito wake uko mita 1 mbele ya pini. Zinabaki 420. Mzigo uko mita 2 mbele ya pini, basi gawanya kwa 2: kilo 210.

Loda iliyonunuliwa kwa sifa ya kuinua tani moja imebaki na kilo 210. Hakuna kilichoharibika wala aliyekudanganya. Ndivyo umbali unavyotoza. Rudia hesabu hii kwa namba za loda yako, na kila mara uchukue jibu lililo dogo kuliko yote.

Uzito wa nyuma

Swali linalofuata ni kama trekta litabaki limekaa. Mzigo ukiwa mbele, ekseli ya mbele inakuwa egemeo na magurudumu ya nyuma yanapunguziwa uzito. Katika trekta letu la mfano, umbali kati ya ekseli mbili ni mita 2.2, na mikono ikiwa imelala sawa, ncha ya boriti iko mita 3.2 mbele ya ekseli ya mbele. Tundika kilo 200. Zidisha 200 kwa 3.2, gawanya kwa 2.2: karibu kilo 290 zimehama kutoka nyuma kwenda mbele. Ongeza zile 200 za mzigo wenyewe, na ekseli ya mbele imepokea kilo 490 juu ya ilizokuwa nazo. Kilo 200 za mzigo, kilo 490 za mateso kwenye bushi, bearingi na tairi za mbele. Ndiyo sababu nimesema utafute ile namba ya tatu.

Dawa yake ni kuweka uzito nyuma. Wachuuzi wa maji wa pwani wanalijua hili: mwenye mzegazega habebi debe upande mmoja wa mti. Chukua pipa la lita 200, weka ndani yake vyuma vya kushikia pini za mikono mitatu ya haidroliki ya nyuma, kisha lijaze zege. Litakuwa na uzito wa karibu kilo 480. Likikaa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, linaongeza karibu kilo 700 kwenye magurudumu ya nyuma na kupunguza karibu kilo 220 mbele. Kwa pipa moja la zege umeponya ekseli zote mbili. Hakikisha tu kitabu kinaruhusu haidroliki ya nyuma kubeba uzito huo, kisha liinue kidogo tu juu ya ardhi, lisigonge.

Uzito mwingine unaofaa ni maji ndani ya tairi za nyuma, kwa kawaida hadi robo tatu ya nafasi iliyomo. Haya yanasaidia nyuma lakini hayapunguzi chochote mbele, kwa hiyo hayachukui nafasi ya pipa.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani kwa macho. Ekseli ya mbele ya trekta imefungwa kwa pini moja katikati ili magurudumu yapande na kushuka kwenye matuta. Kwa hiyo trekta halisimami juu ya miguu minne. Linasimama juu ya pembetatu: gurudumu la nyuma la kushoto, la kulia, na ile pini ya mbele. Kadiri mzigo unavyopanda juu au kuyumba pembeni ndivyo uzito wote unavyosogelea ukingo wa pembetatu hiyo. Ukivuka, trekta linalala ubavu, na dereva hana muda wa kufanya chochote. Trekta lisilo na fremu ya kinga na mkanda wa kiti lisifungwe boriti kabisa.

Chuma cha kununua

Kwa boriti ya mita 2, nunua skwea paipu ya milimita 100 kwa 100 yenye unene wa milimita 5. Ikiwa ni chuma cha kawaida, bomba hilo likitokeza mita 2 linabeba kilo 200 kwenye ncha huku nguvu yake ikiwa mara tatu ya inayotumika. Mara tatu si anasa, kwa sababu mzigo unaoshuka ukasimamishwa ghafla huvuta kwa nguvu kama mara mbili ya uzito wake. Ile ziada unayoiona ya bure ndiyo inayokuokoa siku dereva anapoachia lever kwa pupa.

Unene usiupuuze. Bomba lile lile likiwa la milimita 3, uwezo unashuka hadi kama kilo 130. Likiwa la milimita 5 lakini ukalirefusha hadi mita 3, uwezo ni kama kilo 120. Mabomba mepesi ya mageti na grili za madirisha, yenye unene wa milimita moja na kitu, hayana kazi hapa hata ukiyafunga mawili pamoja. Nenda dukani na kipimo chako, upime unene kwenye ncha iliyokatwa, kwa kuwa kinachoandikwa kwenye risiti na kilichopo kwenye rafu havilingani siku zote. Bomba lililokwishapinda au lenye kutu iliyochimba mashimo liache.

Vitu vingine vya kununua ni hivi:

- Bamba la chuma la milimita 12 kwa ajili ya masikio ya kushika pini za loda.
- Bamba la milimita 10 kwa pembetatu za kuimarisha. Mita moja ya mraba ya bamba hilo ina uzito wa kilo 78.5, basi hesabu uzito wa boriti yako mapema.
- Chuma bapa cha milimita 50 kwa 10 kwa ajili ya mvutano wa juu.
- Pini za saizi ile ile ya pini za baketi. Nondo iliyokatwa isitumike kama pini.
- Ndoano ya kunyanyulia yenye kifungo cha kuzuia kamba isichomoke.
- Shakeli, ile pete ya umbo la U inayofungwa kwa pini ya kuskrubu, yenye uzito wake uliopigwa mhuri. Ya nusu inchi iliyo halali huwa na mhuri wa tani 2. Isiyo na mhuri irudishe dukani.
- Mkanda wa kunyanyulia au mnyororo wa kunyanyulia wenye alama ya 8 au 80. Katika mikanda ya kiwango cha Ulaya, zambarau ni tani 1, kijani tani 2, njano tani 3. Mnyororo wa kufungia geti au ng'ombe hauna kiwango na haufai.

Kuunda

Anza na upande unaoshikana na loda, kwa kuwa huo ukikosewa hakuna kingine kitakachosaidia. Pima baketi ilivyofungwa: umbali kati ya mkono na mkono, umbali kati ya pini ya chini na ya juu, na kipenyo cha kila tundu. Tengeneza fremu yenye vipimo hivyo hivyo, ili boriti iingie na kutoka kwa pini nne bila kugusa mikono ya loda. Usitoboe mikono ya loda, wala usichomelee kitu juu yake. Mikono hiyo imehesabiwa kiwandani, na tundu moja mahali pabaya huanzisha ufa.

Boriti ikae katikati kabisa ya fremu. Ikihama hata sentimita 15 upande mmoja, mkono mmoja wa loda unabeba zaidi ya mwenzake na fremu nzima inajisokota. Pale boriti inapokutana na fremu ndipo nguvu zote zinapokusanyika, kwa hiyo weka pembetatu za bamba pande zote mbili, juu na chini. Kisha simamisha kipande cha bomba juu ya fremu, kimo cha sentimita 50 hivi, na ufunge chuma bapa kutoka kilele chake hadi theluthi mbili ya boriti. Mvutano huo wa juu unazuia boriti isiiname na kuyumba.

Masikio ya kutundikia yawe matatu: mita 1, mita 1.5 na mita 2 kutoka kwenye pini. Yatengeneze kwa bamba lililokunjwa likalikumbatia bomba kutoka juu, ili mzigo ulale juu ya bomba badala ya kuning'inia kwenye mshono pekee. Usitoboe bomba lenyewe karibu na fremu.

Kuhusu kuchomelea, mpe kazi hii fundi aliyezoea matrela na chasisi. Mshono unaotosha geti hautoshi boriti. Kutu, rangi na mafuta visafishwe kwa grainda mpaka chuma kiwe cheupe, sentimita kadhaa kila upande wa mshono. Chuma chenye madini ya zinki kisuguliwe vizuri kwanza, kwa sababu moshi wake unaumiza mapafu. Vijiti vya 7018 vinafaa kwa mishono mikuu, ila lazima viwe vikavu. Vilivyokaa wazi kwenye unyevu vinaacha gesi ndani ya mshono na kuuandalia ufa. Bamba nene likatwe mshazari ukingoni, ili chuma cha kijiti kiingie hadi ndani badala ya kukaa juu tu.

Boriti ichomelewe chini, ikiwa imetolewa kwenye trekta. Ikilazimu kupiga doa moja ikiwa imefungwa, toa nyaya za betri kwanza na ubane waya wa athi karibu na mshono, umeme usipitie kwenye bearingi na mifumo ya trekta.

Jaribio kabla ya kazi

Kagua mishono kwa njia ya zamani ambayo haijapitwa na wakati. Paka mafuta ya taa juu ya mshono, subiri yaingie, futa mpaka pakauke, kisha paka chokaa au chaki iliyosagwa. Baada ya dakika chache tazama kwa karibu. Palipo pazima chokaa inabaki nyeupe. Palipo na ufa, hata mwembamba kuliko unywele, mafuta yaliyojificha yanapanda na kuchora mstari wa kijivu. Mshono wenye mstari huo usagwe wote na kuchomelewa upya. Kupaka kijiti juu ya ufa ni kuuficha tu.

Sasa funga boriti, funga pipa la zege nyuma, na tafuta uwanja tambarare na mgumu. Kiwango chetu ni kilo 200 kwenye ncha. Jaribu kwa uzito huo huo, ambao ni mifuko minne ya saruji, kwa kuwa silinda za kuinamishia hazishiki zaidi ya kilo 210. Inua sentimita 10 tu, uache hapo dakika 10. Watu wote wakae mbali.

Katika dakika hizo kazi yako ni kutazama. Tairi za nyuma bado zimetuna ubavuni pale zinapogusa ardhi? Ikiwa ubavu umenyooka na tairi inageuka kirahisi kwa mkono, uzito wa nyuma hautoshi. Mzigo unashuka polepole wenyewe? Basi sili za silinda au vali zinavuja. Usikie pia mlio: vali ya usalama ikianza kupiga mluzi na boriti haiendi, haidroliki imekuambia imefika mwisho. Usimwambie fundi aikaze vali hiyo. Ukishusha mzigo, pima boriti kwa uzi ulionyooshwa. Ikibaki imepinda hata kidogo, haifai tena.

Ikifaulu, paka rangi ya njano na uandike kwa herufi nyeusi kubwa pembeni ya kila sikio. Kwa trekta letu la mfano ni kilo 400 kwenye mita 1, kilo 250 kwenye mita 1.5 na kilo 200 kwenye mita 2. Ile nguzo ya mkaratusi ya kilo 250, basi, inatundikwa kwenye sikio la katikati. Nguzo inayozidi kilo 400 ikatwe kwanza.

Kama umeajiri watu, kumbuka pia sheria. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya mwaka 2007, na zote zinamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake dhidi ya vifaa vya hatari. Mwite mkaguzi aione boriti kabla haijaanza kazi.

Siku ya kunyanyua

Kwanza jua uzito. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Pipa la dizeli la lita 200 lililojaa linakaribia kilo 185. Tangi la plastiki la lita 1,000 lenye maji limezidi tani, liache. Mti mbichi wa mkaratusi uhesabu kama kilo 1,000 kwa kila mita ya ujazo. Usichokijua uzito wake usikinyanyue. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie boriti kung'oa kisiki, nguzo iliyozikwa au trekta lililokwama: kitu kilichoshikwa na ardhi hakina uzito unaojulikana, na kikiachia ghafla boriti inaruka.

Mkanda wa miguu miwili usitanuliwe mno. Miguu ikifanya pembe ya nyuzi 90, kila mguu unabeba asilimia 70 ya mzigo. Ikifika nyuzi 120, kila mguu unabeba uzito wote. Tumia mkanda mrefu zaidi na pembe ibaki nyuzi 60 au chini yake.

Fuata utaratibu huu:

1. Simamisha trekta ili ncha ya boriti iwe wima juu ya katikati ya mzigo. Usivute mzigo kwa mshazari wala kuuburuta.
2. Inua sentimita 10, simama, tazama mkanda, mzigo na tairi za nyuma. Kila kitu kikitulia, endelea.
3. Msaidizi mmoja ashike kamba ndefu ya kuongozea mzigo, akisimama pembeni, mbali kuliko mzigo unavyoweza kuanguka. Ishara zitoke kwake peke yake.
4. Ukisafiri, mzigo uwe chini, kati ya sentimita 30 na 50 kutoka ardhini, gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea. Usikate kona kwa ghafla.
5. Kwenye mteremko mzigo uwe upande wa juu daima: panda ukienda mbele, shuka kinyumenyume. Usikatize mteremko ubavu.
6. Panda juu pale tu ulipofika mahali pa kuweka, na ushushe polepole, lever ikiguswa kwa vidole.

Kumbuka kwamba mikono ya loda haipandi wima. Inazunguka, na ncha ya boriti hubadili pembe kadiri inavyopanda. Usipoirekebisha kwa silinda za kuinamishia, boriti inainuka na kuanza kuurudisha mzigo upande wa dereva. Isiachwe ikapita nyuzi 45 juu ya usawa.

Asisimame mtu chini ya mzigo wala chini ya mikono, hata kwa sekunde moja ya kufungua mkanda. Loda nyingi hazina vali ya kushikilia mzigo, kwa hiyo mpira mmoja wa haidroliki ukipasuka kila kitu kinakuja chini. Na boriti hii isimpandishe mtu kwa kazi yoyote, iwe kuchuma, kupaka rangi au kufunga taa.

Nyaya za umeme zistahi kuliko kitu chochote. Lain zinazopita mashambani mara nyingi ni za kilovolti 11 au 33, hazina gamba, na umeme wake unaweza kuruka hewani hadi kwenye chuma kabla hakijagusa. Weka mita 10 kama mpaka wako, ukihesabu boriti ikiwa juu kabisa. Ikitokea umegusa, dereva abaki kitini na mtu yeyote asisogee, hadi shirika la umeme lizime lain. Trekta likishika moto, aruke miguu ikiwa pamoja, asishike trekta na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aende zake kwa kurukaruka miguu ikiwa imeungana.

Matunzo

Kila asubuhi ya kazi, zunguka trekta mara moja. Tazama mishono ya fremu: mstari mwembamba wa kutu uliotokea juu ya rangi nzima ni ufa unaoanza chini yake. Tazama matundu ya pini: yakiwa yamerefuka na kuwa na umbo la yai, boriti itacheza na kugonga, na kila kugonga ni mzigo mpya. Kifungo cha ndoano kirudi chenyewe. Mkanda uliokatika nyuzi utupwe, usifungwe fundo.

Mpira wa haidroliki unaotoa jasho la mafuta usipapaswe kwa mkono. Mafuta yanayotoka kwa shinikizo kubwa kwenye kitundu kidogo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano linaweza kumkatisha mtu kidole au mkono. Pitisha kipande cha kadibodi, na aliyepenywa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kazi ikiisha, shusha boriti hadi chini, zima injini, na usogeze lever huku na huku kutoa shinikizo lililobaki.

Boriti nzuri itadumu kama trekta lenyewe, lakini itadumu kwa sababu ya kukataa kwako. Atakuja jirani na gogo linalozidi kiwango, atakuomba mara moja tu, na atakukumbusha kwamba trekta lako ni kubwa. Mwonyeshe namba iliyoandikwa ubavuni, kisha mkate gogo hilo vipande viwili.